Kisima cha Jirani

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Ngamiani mjini Tanga palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na kisima uani kwake. Mabomba ya mtaa yalitoa maji siku yalipopenda, na aghalabu hayakupenda. Kwa hiyo nyumba kama ishirini zilitegemea kisima cha mzee yule. Hakumtoza mtu hata senti. Mlango wa ua ulifunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi, na kati ya nyakati hizo kila mwenye ndoo alichota. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi hata tukasahau kwamba kisima kile kilikuwa na mwenyewe.

Siku moja mzee alimtuma mjukuu wake apite nyumba kwa nyumba kutoa taarifa: baada ya mwezi mmoja kisima kitafukiwa, kwa kuwa kijana wake ameoa na mahali pale panatakiwa pajengwe vyumba viwili. Manung'uniko yaliyozuka hayakuwa na mfano. Mtu aliyeitwa mwema jana, leo aliitwa mchoyo. Wengine walisema heri angewauzia maji tangu mwanzo, wangejua moja. Bibi yangu alikuwa barazani akisuka ukili. Alisikiliza wee, kisha akasema, "Mwacheni mzee wa watu. Miaka yote hii sisi tulikuwa wapi tusichimbe chetu?"

Maneno hayo yalinirudia mwaka 2013, nilipokuwa mtu mzima jijini Dar es Salaam, nikifanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Safari hii kilichofungwa hakikuwa kisima cha maji. Lakini swali lilikuwa lilelile, na sijaacha kulifikiri tangu siku ile: mtu aliyekupa kitu bure kwa miaka, naye akaamua kukufungia, je, amekukosea?

Naomba msomaji anivumilie kidogo nieleze jambo lenyewe, maana si kila mtu alilijua. Tovuti nyingi, tangu mwaka 1999, huweka pembeni faili ndogo yenye orodha ya maandishi yake mapya, iliyopangwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuisoma bila kusaidiwa. Mpango huo huitwa RSS. Ulianzia katika kampuni ya Netscape ya Marekani, kisha ukaendelezwa na watu wengine, miongoni mwao Dave Winer na kijana Aaron Swartz, ambaye alishiriki kuandika toleo lake moja mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 14. Faili hiyo ndiyo iitwayo mlisho. Ukiwa na programu ya kusoma milisho, huna haja ya kuzunguka tovuti mia moja kutazama kama kuna jipya. Programu huzunguka kwa niaba yako, ikakuletea mahali pamoja yale tu uliyoyaagiza, kwa mfuatano wa siku na saa. Ni sawa na kumtuma kijana mmoja mwaminifu apite kwenye kila meza ya magazeti mjini, akuletee nakala za magazeti uliyomtajia, wala asiongeze hata moja la kwake.

Wasomaji wa namna hiyo walikuwepo wengi. Uliokuja kutumiwa kuliko yote ni Google Reader, ulioanzishwa Oktoba 2005. Mimi niliingia mwaka 2007. Wakati ule intaneti yetu ilipitia kwenye setilaiti, ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika, maana ulianza kazi Julai 2009. Nilikuwa nikilipia nusu saa katika intaneti kafe, na katika nusu saa hiyo, kwa msaada wa chombo kile, niliweza kupitia maandishi ya watu sitini wa nchi mbalimbali. Wengine walikuwa Watanzania wenzetu, kwani ile ndiyo miaka blogu za Kiswahili zilipokuwa zikichipua, na watu kama Ndesanjo Macha na Issa Michuzi walikuwa wamekwisha kutuonyesha njia. Nilisoma kama mtu anayekula chakula alichokipika mwenyewe: nilijua kila kilichokuwa chunguni kimetoka wapi.

Mmoja wa watu hao sitini alikuwa kaka yangu.

Kaka alinipita kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa afisa misitu wilayani Lushoto, na huko Usambara alipata ugonjwa wa kupenda miti kuliko watu, kama mama alivyozoea kumtania. Mwaka 2007 alianza kuandika insha fupi fupi katika tovuti yake ndogo. Aliandika juu ya mkulo na namna ulivyovunwa hata ukawa haba. Juu ya mvule mmoja ambao hakuna mtu aliyethubutu kuukata kwa sababu wazee walifanyia mashauri chini yake. Juu ya majina ya Kisambaa ya miti ambayo vijana wa vijiji hivyohivyo hawakuyajua tena. Kila alipokutana na mzee mwenye kumbukumbu alikaa naye, akauliza, akaandika. Wasomaji wake hawakufika hamsini. Yeye hakujali. Aliandika insha zaidi ya 140 katika miaka minne.

Aliaga dunia Agosti 2011, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Tovuti yake alikuwa akiilipia ada kila mwaka, kwa kadi yake mwenyewe. Hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyejua alikuwa akiilipa wapi, wala neno la siri. Mwaka 2012 ada ilikwisha muda, na ukurasa ukatoweka. Nakiri kwamba sikushtuka sana, kwa sababu nilipofungua Google Reader nilimkuta kaka humo, mzima. Chombo kile kilikuwa na tabia moja ambayo sikuwa nimeifikiri kabla: maandishi yaliyopita mikononi mwake kiliyahifadhi, hata kama tovuti yalikotoka imekwisha kufa. Insha zote zilikuwepo, na tarehe zake, na makosa yake madogo ya chapa ambayo mkono wangu wa usahihishaji uliwashwa kuyagusa. Nikawa nakwenda kumsoma usiku, mara moja moja, kama mtu anayekwenda kuzuru kaburi. Nilijisemea kwamba yupo mahali salama.

Tarehe 13 Machi 2013 kampuni ya Google ilitangaza kwamba chombo hicho kitafungwa tarehe 1 Julai. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: watumiaji walikuwa wamepungua, na kampuni ilitaka kuelekeza nguvu zake katika kazi chache zaidi. Watu walikasirika dunia nzima. Waraka wa kuomba kisifungwe ulikusanya saini zaidi ya laki moja. Wengi wakaanza kutafuta mbadala. Feedly pekee ilitangaza kwamba ilipokea watu zaidi ya nusu milioni katika saa 48 za mwanzo. Ilikuwa kama mtaa wetu wa Ngamiani, ila kwamba safari hii waliobeba ndoo walikuwa mamilioni.

Basi turudi kwenye swali. Je, tulikosewa?

Wapo waliosema ndiyo, na hoja yao si ya kudharauliwa. Walisema hivi: mtu mkubwa akifungua kisima cha bure, wachimbaji wadogo hutupa majembe. Nani atalipia maji ilhali kwa jirani ni bure? Ni kweli kwamba katika miaka ile wasomaji wengine wa milisho walififia. Bloglines, ulioanza mwaka 2003 na uliowahi kupendwa sana, wenyewe walitangaza mwaka 2010 kwamba wanaufunga. Kwa hiyo, walisema, anayewafanya watu wote wamtegemee yeye hawezi tena kusema "hiki ni changu, nakifunga nitakavyo". Tena wapo ambao kwao jambo hili halikuwa la starehe. Nchini Iran watu walikuwa wakikitumia chombo hicho kusoma maandishi ya tovuti zilizozuiwa na serikali. Kwao hicho kilikuwa kisima wakati wa kiangazi.

Hoja hiyo ina uzito, nami niliiamini kwa miezi kadhaa. Lakini kila nilipoipima kwa kipimo cha bibi, iliniponyoka. Ukisema kwamba aliyeanza kutoa amejifunga kutoa milele, umeufanya wema uwe mtego kwa anayeutenda. Nani atafungua mlango wa ua wake kesho, akijua kwamba hataruhusiwa kuufunga? Mzee wa Ngamiani alikuwa na mtoto wa kumjengea nyumba. Kumwambia asijenge kwa sababu sisi tumezoea maji yake ni kumdai deni ambalo hakukopa.

Kwa maoni yangu, anayetoa bure na akategemewa na wengi anadaiwa mambo matatu tu. La kwanza, atoe taarifa mapema. La pili, amwachie kila mtu mlango atoke na mzigo wake. La tatu, asimzuie anayetaka kuchimba kisima kingine. Nikiyatazama yaliyotendeka mwaka 2013, naona yote matatu yalitimizwa. Taarifa ilitolewa zaidi ya miezi mitatu kabla. Kila mtumiaji aliruhusiwa kupakua orodha yake na vitu vyake, hata kwa wiki mbili baada ya kufungwa. Na mpango wenyewe wa RSS haukuwa mali ya kampuni yoyote, kwa hiyo aliyetaka kujenga chombo kingine hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Sasa nitasimulia yaliyonipata mimi, ili msomaji aone kwa nini nimeacha kunyoosha kidole kwa wengine.

Miezi mitatu ile niliitumia kutafuta mbadala. Nililinganisha vyombo kama mtu anayechagua kitambaa Kariakoo. Hiki maandishi yake ni madogo. Kile kina rangi za kuumiza macho. Kingine kinataka malipo. Kingine ni cha bure lakini kizito, nacho kilinilia dakika zangu bila huruma. Nilisoma maoni ya watu, nikajaza daftari. Katika siku za mwisho nilipakua furushi langu kutoka Google Reader. Ndani yake nilifungua faili moja tu, ile yenye orodha ya milisho yangu, nikaipeleka kwenye chombo kipya nilichokichagua. Majina sitini yakajipanga upande wa kushoto wa kioo, kwa mfuatano uleule niliouzoea. Niliridhika. Nilijiona mtu makini.

Ilikuwa Agosti, kumbukumbu ya kifo cha kaka, nilipobonyeza jina lake. Jina lilikuwepo. Chini yake hapakuwa na kitu.

Jambo lenyewe ni rahisi kulielewa, nami nilipaswa kulielewa mapema. Orodha ni anwani tu. Chombo kipya kilipokea anwani ya kaka, kikaenda kubisha hodi kwenye tovuti ambayo haikuwepo tena, kikarudi mikono mitupu. Insha zenyewe zilikuwa zimebaki kule kulikofungwa. Zilikuwa zimekaa mbele yangu miezi mitatu na ushei. Ningeweza kuzinakili moja moja kwa jioni chache. Hata mmoja wa wahandisi waliowahi kukitengeneza chombo kile alikuwa ametoa, kabla hakijafungwa, programu ya kunakili kila kilichomo. Mimi nilikuwa nashughulika na ukubwa wa herufi.

Nilikaa kimya na jambo hilo kwa miaka mitatu. Sikumwambia mama, sikumwambia shemeji. Halafu mwaka 2016 binti mkubwa wa kaka, aliyekuwa ameingia chuo kikuu, alikuja kunitembelea. Aliniamkia, akanywa chai, akazungusha kikombe mkononi kwa muda, kisha akasema, "Baba mdogo, mama ameniambia yale maandishi ya baba unayo wewe."

Sikuwa na pa kujificha. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo nani alikuwa anayatunza?"

Nilitaka kumjibu kwamba kampuni ndiyo iliyokuwa ikiyatunza. Maneno yalikwama kooni, kwa sababu niliona wazi kuwa si kweli. Lugha yetu ina maneno matatu ambayo mtu mwenye haraka huyachanganya: zawadi, azima na amana. Zawadi ukipewa ni yako, hata aliyekupa akifa. Azima ni ya mwenyewe, nawe utairudisha siku atakapoihitaji. Na wahenga hawakukosea waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako. Amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwako ukitunze. Vyombo vya bure vya mtandaoni tuliviona kuwa zawadi, kumbe vilikuwa azima isiyoandikwa tarehe ya kurudishwa. Kosa hilo peke yake ni dogo. Kosa kubwa ni kuchukua amana na kuiweka ndani ya kitu cha kuazima, kisha ukalala usingizi.

Insha za kaka zilikuwa amana, na mwenye kupewa amana hiyo nilikuwa mimi. Mama aliniamini kwa kuwa kazi yangu ni maandishi. Google haikumjua kaka. Ilinakili maneno yake ili yanifikie upesi, basi, kama ilivyonakili ya watu wengine wasiohesabika. Haikuahidi kumkumbuka. Aliyeahidi, usiku ule wa msiba, nikiwa nimeshika mkono wa mama, nilikuwa mimi.

Binti huyo ndiye aliyeniokoa kidogo. "Lile furushi ulilopakua," aliuliza, "bado unalo?" Nilikuwa nalo, ndani ya kidude cha kuhifadhia faili kilichokuwa kikivumbika kabatini. Tulikifungua pamoja. Ndani mlikuwa na faili nyingine ambazo sikuwahi kuzigusa, na moja yao ilikuwa na maandishi yote ambayo katika miaka ile nilikuwa nimeyawekea alama ya nyota kwa sababu yalinipendeza. Ilikuwa imejaa alama za kompyuta, lakini katikati ya alama hizo, kama karanga ndani ya maganda, yalikuwemo maneno yenyewe. Tukahesabu. Insha za kaka zilizokuwa na nyota zilikuwa 23.

Ishirini na tatu kati ya zaidi ya 140. Insha ya ule mvule imo. Ya mkulo imo. Nakumbuka moja juu ya mzee wa kijiji cha karibu na Soni aliyejua kutambua miti kwa harufu ya gome, akiwa amefumba macho, hiyo haimo. Mzee huyo naye amekwisha kufariki.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya maana ya kupata mbadala. Tunapopoteza chombo, akili hukimbilia kutafuta kingine kinachofanana nacho. Nilifanya hivyo, na vyombo havikukosekana. Lakini hebu tuangalie yaliyofuata. Digg Reader na AOL Reader vilianzishwa Juni 2013 ili kuwapokea wakimbizi wa Google Reader. Vyote viwili vilifungwa mwaka 2018. The Old Reader, chombo kilichokuwa kikiendeshwa na watu wachache, kililemewa na wageni hata Julai 2013 wenyewe wakatangaza kwamba hawataweza kuendelea na umma wote, kabla hawajapata wa kuwasaidia. Pocket, ambacho watu wengi walikitumia kuwekea maandishi ya kusoma baadaye, kilifungwa Julai 2025. Aliyehama kutoka kisima hadi kisima bila kujifunza kuchimba amekuwa akibeba ndoo zilezile kwa miaka kumi na zaidi.

Tena si chombo peke yake kinachoweza kukauka. Mwaka 2018, hapa Tanzania, zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kujisajili na kulipia leseni, na ada zake zilipita shilingi milioni mbili. Baadhi ya majina katika orodha yangu yalinyamaza mwaka ule, na mengine hayakurudi. Kisomaji kizuri kuliko vyote hakiwezi kukuletea maneno ya mtu aliyeacha kusema.

Wengi wetu hatukutafuta chombo kingine cha milisho hata kidogo. Tulihamia mitandao ya kijamii, tukakaa. Mimi mwenyewe nilikaa huko kama miaka miwili, na naomba niseme nilichojifunza. Kule sikuwa na haja ya kuchagua, nilichaguliwa. Mashine ilitazama kidole changu kimesimama wapi, ikaniletea zaidi ya hicho. Nilijua ugomvi wa watu nisiowafahamu, nikawa sijui kwamba rafiki yangu mmoja wa zamani, ambaye zamani nilikuwa nikisoma blogu yake kila wiki, alikuwa ameandika juu ya kupoteza macho. Nilikuja kujua baada ya mwaka mzima. Aliponiuliza kama nilisoma, nilitazama chini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba suala la nani anakuchagulia cha kusoma ni suala la maadili pia. Katika orodha niliyoiandika mwenyewe, kila jina ni kama ahadi ndogo: wewe ukisema, nitasikia. Ninaweza kuivunja ahadi hiyo, lakini nitajua kuwa nimeivunja, kwa maana jina lipo na maandishi yapo yananisubiri. Nikimwachia mwingine anichagulie, siwezi hata kujua nimemnyima nani sikio langu. Na orodha ina fadhila nyingine ambayo watu huidharau: ina mwisho. Unasoma yaliyokuja leo, yanakwisha, unazima kompyuta, unakwenda kulala.

Msomaji huenda ataniuliza: basi umepata mbadala gani? Nitamjibu, ingawa jibu langu si la kushangaza. Situmii tena chombo kinachokaa kwa mwingine. Nina programu ndani ya kompyuta yangu, ileile ninayosomea baruapepe, nayo inasoma milisho bila shida, kwa sababu RSS haikufa. Hata vipindi vya sauti ambavyo vijana husikiliza katika simu husambazwa kwa njia hiyohiyo. Maandishi ninayoyapenda nayahifadhi katika diski yangu. Orodha yangu ya majina, ambayo sasa ni 41, nimeinakili kwa kalamu katika daftari la kurasa 96, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mara mbili kwa mwaka naipitia. Napoona ukurasa wa mtu umekaribia kukauka, namwandikia kumuuliza kama ana nakala. Wengine hucheka. Wawili wamenishukuru.

Sisemi kwamba kila mtu afanye hivyo. Kisima chako mwenyewe kina taabu zake: utakisafisha wewe, na kikiingia panya utamtoa wewe. Kuna siku kompyuta yangu imegoma, nikatamani ule wepesi wa zamani. Wala sisemi kuwa tusichote kwa jirani. Maisha yasiyo na kuazimana ni maisha ya upweke, na chombo kile cha bure kilinipa, kwa miaka sita, furaha ambayo kwa pesa zangu za wakati ule nisingeweza kuinunua. Nakishukuru. Ninachosema ni kwamba tuchote hali tukijua tunachota kwa nani, na kile ambacho hatuwezi kukubali kukipoteza tusikiache ukingoni mwa kisima cha mtu.

Insha 23 nilizisahihisha, tukazichapa katika kijitabu cha kurasa 60, nakala 30. Mama alipewa ya kwanza. Hakuwa akiona vizuri tena, kwa hiyo alisomewa na mjukuu wake, jioni, ukurasa baada ya ukurasa. Walipofika kwenye ule mvule alisema, "Hapo amesahau kusema kwamba baba yenu naye alikaa chini yake." Binti akachukua kalamu, akaandika pembeni.

Kuna insha zaidi ya mia moja ambazo sitazisoma tena, na lawama yake ni yangu. Lakini binti yule alipomaliza masomo aliomba kazi Lushoto, akapata. Amekuwa akienda vijijini siku za Jumapili na daftari, kuwatafuta waliobaki. Mara ya mwisho alinipigia simu akiwa Mlalo, akanisomea majina matatu ya miti ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilimwambia ayarudie polepole. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu.